Usimsamehe Akinyi

Maktabani, Mamboleo
Alhamisi, saa tisa alasiri

Adhiambo mwanangu,

Ukirudi leo kutoka kuwaaga wajomba zako Vihiga utakuta maktaba imefungwa, na majirani watakuwa wamekwisha kukueleza barabarani, maana hawajawahi kuiona imefungwa siku ya kazi. Watakuambia Mzee wa Vitabu anaumwa. Siumwi. Nimejifungia kwa ndani, nimekaa kwenye meza ya muhuri, na watoto wa shule wameshagonga mara tatu. Nimewanyamazia. Mmoja ameweka jicho kwenye tundu la kufuli, akawaambia wenzake, "Ako ndani, anaandika," halafu wakaondoka wakinong'ona kama waliomkuta mtu anaoga.

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitakwepa. Unanijua. Nitaanza vizuri, nitafika katikati, kisha nitakumbuka kwamba bawaba za mlango wa nyuma zinahitaji mafuta. Karatasi hainipi nafasi ya kuinuka.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitakuambia. Wewe ndiye nesi. Mimi nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na hata dawa ya kikohozi huwa nakunywa kwa kukisia. Kesho saa mbili asubuhi gari linaondoka kwenda Port Victoria, nawe utakuwa na kazi yako, chumba chako na ufunguo wako. Kuna jambo moja ni lazima ulijue kabla hujapanda.

Linatokana na neno ulilosema Jumapili ukikunja sare zako. Ulisema, "Baba, nimefurahi kupelekwa Port. Akinyi yuko huko. Nitamtafuta." Nikasema ni vizuri. Ukakunja sare nyingine. Kisha ukasema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu, "Zamani nilikuwa nakataa, lakini siku hizi naona labda alichukua kweli. Tulikuwa watoto tu. Nitamwambia nimemsamehe, yaishe."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Uliniona nikikiweka chini haraka, ukadhani ni moto.

Usimsamehe Akinyi. Hakuchukua kitabu. Kitabu ninacho mimi, na nimelijua hilo kwa miaka miwili.

Nimeshaliandika, siwezi kulirudisha. Sasa nitakueleza yote tangu mwanzo, hata yale unayoyakumbuka, kwa sababu wakati ule ulikuwa na miaka kumi na mimi ndiye niliyekuwa nakuambia mambo yalivyokuwa.

Unajua nilivyoanza kukusanya vitabu. Kwenye kiwanda cha chapa cha Bwana Harjit, kule mjini, watu walikuwa wanaleta vitabu vilivyopasuka mgongo ili tuvishone upya, na wengine hawakurudi kuvichukua. Walihama, walifariki, walisahau. Kila mwisho wa mwaka Bwana Harjit alikuwa ananiambia, "Owuor, beba hizo, zinanijazia duka." Nikabeba. Baadaye nikaanza kununua kwenye minada ya familia zilizokuwa zinafunga maduka na kuhamia ng'ambo, na kwa wachuuzi wa sokoni waliokuwa wanachana kurasa za kufungia njugu. Nilikuwa nanunua njugu na kitabu pamoja, mwenye njugu ananicheka. Mama yako alisema nyumba yetu ina wageni wengi wasiokula.

Niliwapenda wageni hao vibaya. Ulikua ukiwaona nyuma ya kioo cha kabati, na ufunguo uko kwenye mfuko wangu wa shati. Nilikupa ruhusa Jumapili peke yake, baada ya kanisa, mikono imeoshwa na kukaguliwa, mkeka umetandikwa mbali na dirisha ili jua lisipaushe majalada. Mtoto wangu wa pekee alikuwa anakaguliwa kucha kabla ya kugusa kitabu nyumbani kwao. Sasa watoto wa Mamboleo nzima wanalamba vidole kugeuza kurasa mbele ya macho yangu, nami natabasamu. Najua unalitazama hilo tabasamu. Najua ndiyo maana, tangu nifungue maktaba, hujawahi kuazima kitabu hata kimoja.

Hizo Jumapili ulikuwa unakuja na Akinyi. Yeye alizaliwa asubuhi, wewe jioni, majina yenu yanasema hivyo, na majirani walikuwa wanawaita siku nzima. Mama yake alikuwa anatufulia nguo. Mama yako alipoanza kuugua, akawa anafanya zaidi ya kufua. Alimwogesha. Alimlisha uji kwa kijiko. Mama yako alikuwa Mmaragoli, hakuijua vizuri lugha yetu, na Mama Akinyi alikuwa anamwimbia kwa Kiluo huku akimpaka mafuta miguuni, naye akilala. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Nataka uyaweke mbele unaposoma yanayofuata, kwa sababu mimi siku ile sikuyaweka popote.

Kitabu mlichokipenda ni kile cha ndege wa ziwani, chenye jalada jekundu na picha za rangi zilizofunikwa kwa karatasi laini. Akinyi alikuwa anampenda mdiria. Siku moja alidondosha tone la mafuta ya mandazi kwenye ule ukurasa, karibu na mkia, nikafoka mpaka akalia. Alikuja Jumapili iliyofuata mikono ikiwa imesuguliwa hadi imepauka, akaninyooshea kabla sijamwambia. Nikamkagua, nikasema, "Haya." Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Wiki ya mwisho ya mama yako hospitalini sikuweza kukaa kando ya kitanda. Wewe ulidhani niko kazini kwa sababu ya kazi. Hapana. Nilikuwa nakimbia. Nilibeba vitabu vyangu vitatu vilivyolegea mgongo, nikavipeleka kiwandani ili mikono yangu iwe na la kufanya. Nilivichana majalada, nikashona, nikapaka gundi. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeisha. Nikavivika vyote kitambaa cheusi kilichobaki kwenye kazi ya kanisa, nikasema majina ya mgongoni nitayapiga kwa rangi ya dhahabu nikipata nafasi. Wakaja kuniita nikiwa bado na gundi vidoleni. Sikuwahi kupata nafasi. Mtu fulani alivileta vile vitabu nyumbani vimefungwa gazeti, nikavisukuma kwenye rafu ya juu siku ya matanga bila kuvitazama.

Adhiambo, hayo ndiyo yote. Hapakuwa na mwizi wala siri. Nilikivua kitabu nguo kwa mikono yangu, nikakivika nyingine, kisha nikasahau, kwa sababu mke wangu alikuwa anakufa.

Wiki kadhaa baada ya mazishi nikafungua kabati, nikaona pengo. Nilitafuta chekundu. Nilitoa kila kitu, nikavipanga sakafuni kwa rangi, na kile cheusi nilikishika mkononi kwa hakika, maana nilivishika vyote, nikakiweka kando kwa sababu hakikuwa chekundu. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha majalada. Miaka yote ile nilikuwa nawavalisha watu vitabu vyao upya, na vyangu nikavitambua kwa nguo.

Asubuhi ile nilikuwa na hasira tangu nilipoamka, na haikuwa hasira ya kitabu. Nyumba ilikuwa kimya. Mama Akinyi akaingia langoni na beseni lake, Akinyi nyuma yake, na mimi nikaona watu wawili waliokuwa wanaingia na kutoka nyumbani kwangu walivyotaka. Nikauliza kwa sauti. Watu waliokuwa wanaelekea stendi wakasimama. Akinyi akasema hajui. Nikasema anajua. Wewe ukatoka mlangoni bila viatu, ukasema, "Baba, hakuchukua." Ulilisema tena na tena. Mara ya mwisho nikakupiga kofi.

Kisha nikaingia ndani, nikatoka na leso ya mama yako, ile ya zambarau aliyofungwa kichwani hospitalini, nikamwekea Akinyi mikononi. Nikamwambia aape kwa marehemu. Nikamwambia aseme: kama nimechukua, huyu anifuate.

Nyanya Salome, jirani yetu wa kushoto, alinishika mkono. Alisema, "Fundi, hapana. Mtoto haapishwi kwa mtu amekufa. Hata kama ameiba ng'ombe." Nikautoa mkono wake. Mama Akinyi aliweka beseni chini akamtazama binti yake, na binti yake akanitazama mimi, akaapa. Aliapa kwa sauti safi kabisa. Alisema sijachukua, na kama nimechukua, Mama Adhiambo anifuate mimi na nyumbani kwetu.

"Nyumbani kwetu" sikumwambia aseme. Aliongeza mwenyewe, kwa sababu alikuwa na uhakika.

Unakumbuka mvua zilipokuja, mdogo wake Ouma akafa na malaria. Mtoto mdogo, hata kutembea hajakaza. Unajua watu wetu wanavyosema kuhusu kiapo cha uongo, kwamba kinaingia nyumbani kwa aliyeapa na kuondoka na mtu. Kwenye matanga wanawake walinong'ona. Nilikuwa nimesimama nyuma, kofia mkononi, nikamsikia mmoja akisema, "Si aliapa kwa maiti?" Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilijisikia vizuri. Nilijisikia mtu aliyethibitishwa. Kati ya yote ninayokuandikia, hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia hata Mungu kwa maneno kamili.

Watu wakaacha kumpa Mama Akinyi nguo. Akinyi akapelekwa kwa bibi yake Port Victoria, akatolewa shule huko huko, akaanza kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Wewe ulikaa mwaka mzima bila kuingia chumba cha vitabu, nikasema moyoni ni huzuni ya mama yako.

Sasa nikufikishe kwenye miaka miwili.

Nilipostaafu nikaamua kulifungua kabati. Watu wamelieleza jambo hilo kwa uzuri kuliko lilivyokuwa. Nilikuwa nimechoka kulinda, basi. Nyumba ilikuwa kubwa, wewe ulikuwa chuoni, watoto walikuwa wanachungulia dirishani, na siku moja nikamwona mmoja amesimama juu ya mabega ya mwenzake ili asome migongo ya vitabu kupitia kioo. Nikatoa ukuta kati ya sebule na chumba cha mbele, nikapaka chokaa, nikaandika ubao: Maktaba ya Bure, Watu Wote. Zilibaki siku tatu tufungue. Nilikuwa hapa hapa kwenye meza hii napiga muhuri ukurasa wa kwanza wa kila kitabu. Nikachukua kimoja cheusi kisicho na jina mgongoni, nikajiambia hiki ni kipi tena. Nikakifungua katikati.

Mdiria alikuwa pale, na tone la mafuta karibu na mkia wake.

Nilikaa mpaka wino wa muhuri ukakauka. Kisha nikafanya mambo mawili, moja la kijinga na moja la mtu mbaya. Nilikipiga muhuri, maana mkono ulikuwa umezoea. Halafu nikakifunga kwenye ile leso ya zambarau, nikakiweka chini kabisa ya sanduku la nguo za mama yako, nikageuza ufunguo.

Nilijiambia nitasema baada ya ufunguzi. Viti vilikuwa vimekodishwa, turubai limesimama, mgeni rasmi anatoka Milimani na gari lake. Wewe ulikuja kutoka chuoni ukamimina chai. Yule mzee wa Milimani alisema maneno mengi kuhusu ukarimu, watu wakapiga makofi, na wewe ukanisogelea na birika mkononi ukaniuliza polepole, "Baba, na Akinyi anaweza kuingia?"

Nilikujibu, "Mlango uko wazi kwa watu wote."

Nilikuwa na kitabu sandukuni, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Ulinitazama, ukaenda kuwamiminia wengine.

Tangu siku ile kusema kumezidi kuwa kugumu, kwa sababu maktaba imezidi kuwa nzuri. Wanafunzi wamefaulu. Akina mama wa soko wanajifunza kusoma hapa Jumanne. Vitabu vinapotea kila mwezi, nami simwulizi mtu, na watu husema Mzee Owuor ana moyo mkubwa. Siulizi kwa sababu naogopa kuuliza. Na kila jioni, karibu saa kumi na moja, Mama Akinyi anapita hapa na karai lake kichwani akienda kukaanga samaki pale njia panda. Akifika kwenye lango letu anavuka barabara, anapita upande wa pili, kisha anavuka tena kurudi. Magari yanampigia honi. Kwa miaka miwili nimemtazama kwa dirisha hili akihatarisha miguu yake ili asikanyage mbele ya maktaba ya bure.

Wiki hii, baada ya neno lako la Jumapili, sijalala vizuri. Niliweza kuishi nikijua kwamba mtaa unamdhania Akinyi vibaya. Nilikuwa nimezoea, ndiyo aibu yenyewe. Lakini wewe hukuwahi kumdhania. Wewe ulipigwa kofi kwa ajili yake. Nilipokusikia ukisema labda alichukua kweli, nilijua kwamba uongo wangu umekaa nyumbani muda mrefu mpaka umekushinda hata wewe. Na sasa unataka kuubeba umpelekee, tena kwa huruma.

Leo asubuhi ulipoondoka tu kwenda Vihiga nilifungua sanduku. Nikaenda njia panda kabla hajaanza kuuza. Nilimkuta anaondoa magamba, wanawake wenzake wawili kando, na wateja wa mapema wanasubiri. Nikasema nataka kuongea naye pembeni. Akasema, "Pembeni wapi, Fundi? Siku ile tulienda pembeni?"

Basi nikasema palepale. Nilisema Akinyi hakuchukua kitabu, kilikuwa kwangu, nilikibadilisha jalada mimi mwenyewe, na nimejua tangu nilipofungua maktaba. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani. Yote yalikwisha hapo.

Alinawa mikono kwenye ndoo. Akajifuta kwa gauni, akajifuta tena, kisha akanyoosha mkono. Nikampa kitabu. Akakigeuza, akakipima.

"Hii ndio kitabu?"

"Ndiyo, Mama Akinyi."

"Hata si kubwa."

Akakifungua, akawa anatazama ndege mmoja mmoja. Mafuta yalikuwa yanachemka, mwenzake akamwambia samaki inaungua, hakugeuka. Alipofika mwisho akanitazama kwa mara ya kwanza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sina haki ya kuyanyoosha.

"Fundi, unafikiria umeniletea habari? Mimi nilijua. Huyo mtoto nilizaa mimi. Wewe ndio hukujua. Lakini unajua Akinyi aliniuliza nini Krismasi? Aliniuliza, 'Mama, ama nilichukua nikasahau?' Mtu mkubwa, ako na watoto wawili. Watu wakisema kitu miaka yote hiyo, hata wewe utaanza kutafuta kwa mfuko yako."

Nilisema nisamehe. Lilitoka dogo sana.

"Mimi si mwenye uliapisha," akasema. "Ouma amelala, hiyo niachie mimi na Nyasaye, Mungu wetu. Lakini Akinyi ako Port. Peleka hiyo kitabu huko. Na uende na miguu yako, usitume Adhiambo. Huyo mtoto yako ndio alisimama na sisi, usimtume kazi ya aibu yako. Na wale watu walikuwa kwa gate siku ile, hao pia uwaambie. Sasa toka hapo mbele, unazibia watu."

Nikatoka mbele. Nilikuwa nimefika kona aliponiita, nikageuka nikidhani labda ana neno jingine. Alikuwa amenyoosha kitabu. Nilikuwa nimekisahau kwake, Adhiambo. Hata leo, kitabu hicho hicho.

Kwa hiyo nimekaa hapa, na nitakuambia kile kidogo nilichokipata kwa gharama ya watu wengine. Huko Port utakosea. Utampa mtu dawa isiyo yake, au utamwambia mama fulani mbele ya foleni kwamba hajui kutunza mtoto, halafu utagundua mtoto ana ugonjwa mwingine. Utataka kungoja siku nzuri ya kusema. Mimi nilingoja siku nzuri, ikaja na turubai na mgeni rasmi. Ukikosea mbele ya watu, rudi mbele ya watu hao hao, siku hiyo hiyo, kabla hujala. Nakuambia hivi kwa sababu nimejaribu njia ile nyingine na nimekuonyesha ilipofika.

Na ukiwa na uhakika kabisa kuhusu mtu, uhakika wa kukufanya upaze sauti, kaa chini kwanza. Mimi sijawahi kuwa na uhakika wa jambo lolote kama nilivyokuwa asubuhi ile.

Kuhusu kofi. Nimelibeba kuliko unavyodhani. Ulikuwa na haki kila mara uliposema, na mtu mmoja tu langoni alikuwa anasema kweli bila kulazimishwa, naye nikampiga. Ulipokuwa mdogo hukunilaumu, ulipokua ukaanza kukubaliana nami. Afadhali ungenilaumu. Kuanzia leo nilaumu, nitavumilia.

Mezani hapa nimeandika karatasi mbili kubwa, moja kwa Kiswahili, moja kwa Kiluo. Zinasema: Akinyi, binti wa Mama Akinyi muuza samaki, hakuiba kitabu changu. Nilikuwa nacho mimi Owuor. Nilimwapisha bure, na kifo cha Ouma hakikuhusiana na kiapo chake kwa sababu kiapo chake kilikuwa cha kweli. Nitazipigilia langoni kesho saa moja, wakati watu wanaelekea stendi, kwa sababu siku ile pia walikuwa wanaelekea stendi. Nitasimama hapo mpaka wamalize kusoma na kuniuliza. Nyanya Salome haoni vizuri siku hizi, huyo nitamsomea. Labda watoto hawatarudi tena maktabani. Labda wazazi wao watawakataza. Nimelifikiria hilo mchana kutwa na nimeona ni sawa.

Saa mbili nitapanda gari lako. Nimeshakata tiketi. Kama hutaki kuketi nami, nitaketi nyuma, na kama hutaki kabisa tuwe gari moja, niambie, nitangoja linalofuata. Ila naenda. Usimtafute Akinyi kabla yangu. Ukikutana naye kwa bahati, msalimie tu, na usitamke neno la kusamehe.

Lipo ombi moja, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Ile leso ya zambarau nilikuwekea wewe. Nilikusudia kukupa siku utakayoondoka nyumbani, na siku yenyewe ni kesho. Ni yako tangu sasa, iko juu ya begi lako, imefuliwa na kukunjwa. Naomba uniazime kwa siku moja. Nataka kufika kwa Akinyi, mbele ya watu wa kwake, pale anapoanika omena, niishike mimi mikononi, na yeye aniambie la kuapa. Chochote atakachosema nitasema. Nikitamka hata nusu ya uongo, mama yako anajua pa kunipata.

Ukikataa nitaelewa, nitaapa mikono mitupu.

Nitakupa barua hii mkononi ukiingia, kisha nitatoka nje nikae kwenye benchi la wasomaji. Soma taratibu. Nitauacha mlango wa maktaba wazi kwa ajili yako, na leo hakuna wa kukukagua mikono.

Baba yako,
Owuor